Dalili za Kukoma Hedhi: Homoni, Dawa Nyingine au Mitishamba?

Wanawake wengi huingia kwenye mada hii kupitia mlango mmoja: nitumie homoni au nisitumie? Wanaozitetea wanakuambia umechelewa, wanaoziogopa wanakuambia utapata saratani, na wewe unabaki katikati, shuka limelowa jasho saa nane za usiku. Kuna maswali mengine yanayotangulia. Kinachokusumbua hasa ni nini: joto, usingizi, ukavu ukeni, au hasira zisizo na sababu? Una miaka mingapi, na hedhi ilikoma lini? Bado una kizazi? Umewahi kupata damu iliyoganda mshipani, kiharusi au saratani ya matiti? Ukishayajibu haya, orodha ndefu ya tiba hupungua yenyewe na kubaki mbili au tatu.

Kwanza, mwili uko hatua gani

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila kuona damu, na ukimya huo usiwe umeletwa na mimba, kunyonyesha au dawa. Wastani ni miaka 51, na popote kati ya 45 na 55 ni kawaida. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito ambacho kwa wengi huchukua miaka minne hivi, kwa wengine zaidi. Katika kipindi hicho ovari hazizimiki kwa mara moja. Estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, hupanda na kushuka ovyo, hedhi inakuja baada ya siku 20, kisha inapotea siku 50, kisha inarudi kwa kishindo. Ndiyo maana kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za wazi, kumpima homoni kwenye damu mara nyingi ni kupoteza pesa: kiwango cha leo si cha wiki ijayo. Kipimo cha tezi ya shingo, kwa upande mwingine, kina maana, kwa sababu tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta joto, jasho na moyo kwenda mbio vilevile.

Joto la ghafla lenyewe linaanzia kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ndiyo inayosimamia joto la mwili, na estrojeni huzituliza seli fulani za neva zilizo hapo. Estrojeni ikishuka, seli hizo zinakuwa na wasiwasi kupita kiasi, na mabadiliko madogo kabisa ya joto yanasomwa kama hatari. Mishipa ya ngozi inafunguka, uso unawaka, jasho linamwagika, kisha baridi inafuata. Wanawake takribani watatu kati ya wanne hupitia hali hii. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta kwamba, kwa wale wanaopata joto mara kwa mara, nusu huendelea nalo kwa zaidi ya miaka saba. Kwa hiyo ushauri wa "vumilia tu, litapita" unaweza kuwa ushauri wa miaka saba.

Kundi moja lina kanuni zake. Mwanamke ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa ovari zote mbili akiwa kijana, hatibiwi joto peke yake. Mifupa na moyo wake vinakosa estrojeni miaka mingi kabla ya wakati, hivyo kama hakuna kizuizi cha kitabibu hushauriwa kutumia homoni angalau hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Hofu nyingi utakazozisoma hapa chini hazimhusu.

Homoni za mwili mzima: hofu ilikotoka

Kwa joto na jasho la usiku hakuna kinachoishinda estrojeni. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha inapunguza idadi ya mara za joto kwa takribani asilimia 75 ikilinganishwa na dawa bandia, yaani kidonge cha utafiti kisicho na dawa ndani. Inasaidia usingizi, inatibu ukavu, na inazuia mifupa kuwa dhaifu. Basi kwa nini inaogopwa?

Mwaka 2002 utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya muda. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwa wamegawanywa kati ya vidonge vya homoni mbili na vidonge bandia, na waliotumia homoni walipata saratani ya matiti zaidi. Habari ilienea dunia nzima na mamilioni waliacha dawa. Kilichoenea kidogo ni hesabu yenyewe: kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliougua walikuwa 38 kwa wenye homoni na 30 kwa wasio nazo. Ni ongezeko la kweli, wala halipaswi kufichwa, lakini ni watu wanane kati ya elfu kumi. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza homoni miaka kumi au zaidi baada ya hedhi kukoma. Na dawa zilikuwa za aina moja tu: estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, ikiunganishwa na projesteroni, homoni ya pili ya kike, ya kutengenezwa maabara.

Wenzao waliokuwa wameondolewa kizazi, wakapewa estrojeni peke yake, hawakuonyesha ongezeko hilo la saratani ya matiti. Kiharusi ndicho kilichoongezeka kwao.

Kutokana na uchambuzi uliofuata, wataalamu wengi sasa wanakubaliana hivi: kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma chini ya miaka 10 iliyopita, na dalili zinamsumbua, faida kwa kawaida huzidi hatari. Baada ya hapo mizani inaanza kuegemea upande wa pili, hasa kwa moyo na ubongo. Hatari ya matiti nayo hukua kadiri miaka ya kutumia homoni mbili kwa pamoja inavyoongezeka.

Wasiopaswa kuanza bila mazungumzo mazito na daktari bingwa ni waliowahi kuugua saratani ya matiti, waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo, wenye historia ya damu kuganda, wenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na yeyote anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Kunenepa, ambako wengi hukuogopa kuliko haya yote, hakujathibitishwa kusababishwa na homoni hizi. Uzito huongezeka katika umri huu hata kwa wasiotumia chochote.

Kidonge au kibandiko?

Hapa ndipo ulinganisho unapofaa zaidi, na ndipo watu wengi hawaambiwi chochote.

Estrojeni ya kidonge ikimezwa hupita kwanza kwenye ini. Ini likikutana nayo huzalisha zaidi vitu vinavyogandisha damu, ndiyo maana kidonge huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni au kwenye mapafu. Estrojeni ya kibandiko, jeli au dawa ya kupuliza kwenye ngozi huingia moja kwa moja kwenye damu bila kupita njia hiyo, na kwa dozi za kawaida tafiti hazijaionyesha kuongeza hatari hiyo. Kwa mwanamke mnene, mvutaji sigara, mwenye kipandauso au mafuta mengi ya aina ya triglisaridi kwenye damu, tofauti hii si ndogo. Ningekuwa namshauri dada yangu, ningemwambia aulize kuhusu kibandiko kabla ya kukubali kidonge.

Kidonge kina lake pia. Kinapatikana kirahisi zaidi, mara nyingi ni bei nafuu, wala hakibanduki kwa jasho. Kibandiko hubadilishwa mara moja au mbili kwa wiki kutegemea aina, hubandikwa chini ya kiuno au kwenye makalio na kamwe si kwenye titi, na ngozi ya wengine huwasha. Jeli hupakwa kila siku mkononi au pajani, na lazima ikauke kabisa kabla ya kumkumbatia mtoto, maana dawa huhama kutoka ngozi hadi ngozi.

Kisha swali la kizazi. Estrojeni peke yake hukuza ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na ukuta ukikua bila kuzuiwa saratani inaweza kufuata. Mwenye kizazi ni lazima aongezewe projesteroni. Asiye nacho kwa kawaida haihitaji. Hili halina mjadala, na ni kosa linalotokea pale mtu anapoazima vibandiko vya rafiki yake aliyefanyiwa upasuaji.

Projesteroni nayo ina chaguo. Ile inayofanana kabisa na ya mwili humezwa wakati wa kulala na huleta usingizi, jambo ambalo kwa mtu anayekesha ni zawadi. Za kutengenezwa maabara ni imara lakini baadhi ya wanawake huzilalamikia kwa kuvimba matiti na kubadilika hisia. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli ni chaguo la tatu: kinalinda ukuta wa mji wa mimba, kinapunguza ile hedhi nzito ya kipindi cha mpito, na kinazuia mimba. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Homoni za kutuliza dalili si uzazi wa mpango, na mwanamke wa miaka 47 mwenye hedhi ya kuruka-ruka bado anaweza kushika mimba. Kanuni inayotumika sana ni kuendelea na kinga kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Kama bado unaona hedhi, projesteroni kwa kawaida hutolewa siku 12 hadi 14 za kila mwezi na utaona damu baadaye. Kama hedhi ilishakoma mwaka mzima, hutolewa kila siku na lengo ni kutoona damu kabisa, ingawa matone ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ni ya kawaida.

Jihadhari kidogo na homoni "za asili" zinazochanganywa kwa oda maalumu kwa kila mteja. Zinauzwa kama salama zaidi, lakini dozi yake haikaguliwi kama ya dawa iliyosajiliwa, na projesteroni iliyo pungufu ni hatari ileile niliyoitaja juu. Homoni zinazofanana na za mwili zipo pia kwenye dawa zilizosajiliwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda huko.

Dawa zisizo za homoni

Hizi ni za aliyezuiwa homoni au asiyezitaka. Nitaziweka kwa namna ninavyoona zinavyofaa.

Kundi jipya kuliko yote lilianza na fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Inaenda moja kwa moja kwenye zile seli za haipothalamasi zilizoingiwa na wasiwasi na kuzizima, bila estrojeni yoyote. Ni kidonge kimoja kwa siku na wengi huona nafuu ndani ya wiki chache. Kasoro yake ni ini: mwishoni mwa 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kabisa, na ini hupimwa kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha mwezi wa sita na wa tisa. Tena ni ghali. Ndugu yake, elinzanetanti, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2025. Zote mbili hutibu joto. Kwa mifupa na ukavu hazifanyi lolote.

Dawa za sonona kwa dozi ndogo zimetumika kwa joto kwa miaka mingi. Paroksetini ya miligramu 7.5 ina idhini rasmi ya Marekani kwa kazi hii tangu 2013, na venlafaksini hutumika sana. Zinapunguza joto kiasi cha robo hadi zaidi kidogo ya nusu, yaani hazifikii homoni, lakini kama huzuni na wasiwasi vimeingia pamoja na joto, unatibu viwili kwa kidonge kimoja. Tahadhari moja ni muhimu kuliko nyingine zote: paroksetini huvuruga kazi ya tamoksifeni, dawa ambayo wanawake wengi wa saratani ya matiti huimeza. Anayetumia tamoksifeni aulizie venlafaksini. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua pia, na kama ndilo lililokuwa tatizo lako tangu mwanzo, umerudi nyuma.

Gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, inamfaa mtu mmoja mahususi: anayeshinda vizuri mchana na kuamka usiku akiwa amelowa. Hutolewa wakati wa kulala na usingizi unaoletwa nayo unageuka faida. Asubuhi kizunguzungu kinaweza kubaki. Oksibutinini, dawa ya kibofu, hupunguza joto vizuri na inavutia kwa mwenye kukojoa mara kwa mara, ila hukausha mdomo na kuleta choo kigumu, na kwa wazee matumizi ya muda mrefu ya kundi hili la dawa yamehusishwa na matatizo ya kumbukumbu. Klonidini, dawa ya presha, iliwahi kuwa maarufu. Shirika la wataalamu wa Marekani, The Menopause Society, haliipendekezi tena.

Ukavu ukeni ni kesi tofauti

Joto hatimaye huisha. Ukavu, kuwashwa, maumivu wakati wa tendo la ndoa na UTI za kurudi-rudi haviishi. Bila tiba huzidi kadiri miaka inavyokwenda, na takribani nusu ya wanawake waliokoma hedhi huvipata. Wengi hawasemi, na madaktari wengi hawaulizi.

Kama hili ndilo shida yako pekee, huhitaji homoni ya mwili mzima. Estrojeni ya ukeni, iwe krimu, kidonge kidogo cha kuingiza au pete inayokaa miezi mitatu, hufanya kazi palepale na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Kwa dozi ya kawaida haihitaji kuongezewa projesteroni. Inapunguza UTI pia. Inachukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na ukiacha dalili hurudi, kwa hiyo ni tiba ya muda mrefu. Hata waliopona saratani ya matiti wengine huruhusiwa kuitumia, kwa makubaliano na daktari wao wa saratani.

Asiyetaka homoni kabisa ana aina mbili za bidhaa ambazo mara nyingi huchanganywa. Kilainishi hupakwa wakati wa tendo. Krimu ya unyevunyevu ya ukeni hutumika mara mbili au tatu kwa wiki hata kama hakuna tendo. Vilainishi vya mafuta huharibu kondomu za mpira. Sabuni yenye manukato na kujiosha ndani huongeza tatizo. Maji yanatosha, na ni kwa nje tu.

Mitishamba, virutubisho na mtindo wa maisha

Hapa nitasema bila kuzunguka: sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa wanawake wa umri huu haijathibitishwa kufanya kazi. Katika tafiti za joto la ghafla, hata dawa bandia isiyo na kitu ndani huwapa nafuu watu wengi, kwa sababu joto lenyewe hupanda na kushuka na matumaini yana nguvu yake. Kwa hiyo jirani aliyepona kwa mzizi fulani hadanganyi, lakini hathibitishi lolote. Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni. Matokeo yake katika tafiti yanapishana, na nafuu ikiwepo ni ndogo. Mmea wa kohoshi nyeusi una matokeo yanayogongana na umehusishwa mara chache na madhara ya ini. Mmea wa Mtakatifu Yohane (St John's wort), unaouzwa kama tiba ya huzuni, hugombana na dawa nyingi, zikiwemo za kuzuia mimba na za kuzuia damu kuganda. Kilichoandikwa "asilia" kwenye kopo kinaweza kuwa na nguvu ya kudhuru sawa na kidonge, bila karatasi ya maelekezo. Ukitumia chochote, mwambie daktari.

Mazoezi yana thamani kubwa kwa mifupa, moyo, usingizi na furaha, ila kwa joto la ghafla ushahidi wake ni dhaifu. Fanya mazoezi ya kubeba uzito kwa sababu ya mifupa, ambayo hupungua haraka mno miaka michache baada ya hedhi kukoma, wala usikate tamaa joto lisipopungua. Kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa husaidia zaidi. Kuacha sigara pia. Wavutaji hukoma hedhi mapema na hupata joto zaidi.

Tiba moja isiyo na kidonge inayostahili heshima zaidi ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na tabia. Haipunguzi sana idadi ya mara za joto. Inapunguza jinsi linavyokuvuruga, na inarudisha usingizi. Hipnosi ya kitabibu, yaani kuongozwa na mtaalamu hadi kwenye utulivu mzito wa akili, nayo ina ushahidi mzuri kwa joto lenyewe, tatizo ni kumpata aliyefunzwa.

Basi nani achague nini

Mwenye miaka 50, joto kali, usingizi hakuna, kizazi anacho, hana historia ya damu kuganda wala saratani: estrojeni ya ngozi pamoja na projesteroni ya usiku ndipo pa kuanzia. Mwenye miaka 46, hedhi nzito isiyotabirika na joto limeanza: kitanzi chenye homoni pamoja na kibandiko hufanya kazi tatu kwa mpigo. Aliyepona saratani ya matiti na yuko kwenye tamoksifeni: venlafaksini au gabapentini, na tiba ya mazungumzo kando. Mwenye miaka 66 anayepata joto bado na hajawahi kutumia homoni: dawa zisizo za homoni kwanza. Mwenye miaka 60 ambaye joto lilishaisha lakini tendo la ndoa limekuwa adhabu: ya ukeni peke yake.

Chochote utakachochagua, kipe miezi mitatu kabla ya kukihukumu, isipokuwa kama kinakudhuru. Andika mara ngapi joto linakuja na usiku uliolala vizuri, maana kumbukumbu zetu kuhusu jana ni hafifu. Mwisho wa miezi mitatu dozi hupandishwa, hushushwa au njia hubadilishwa. Wengi wanaosema homoni hazikuwasaidia waliishia kwenye dozi ya kwanza. Baada ya hapo mapitio ni mara moja kwa mwaka, pamoja na kupima presha na vipimo vya matiti vya umri wako. Hakuna tarehe ya lazima ya kuacha. Ukitaka kuacha, kushusha taratibu hupunguza uwezekano wa joto kurudi kwa kasi mwanzoni, ingawa baadaye matokeo ni yaleyale.

Na damu yoyote inayotoka ukeni baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone moja la rangi ya kahawia, haingojei mapitio ya mwaka. Mara nyingi sababu ni ukavu au kinyama kidogo kisicho na madhara, lakini ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya mji wa mimba, na ikigunduliwa hapo hutibika vizuri. Nenda wiki hiyohiyo.